Cheti changu, jina la mama

2017 nimemaliza form six, fomu ya mkopo wa chuo inataka cheti cha kuzaliwa na mimi sikuwahi kuwa nacho. Nilizaliwa nyumbani, kijijini kwetu Kilosa, Januari 1998, zile mvua za El Nino, mto umejaa na hakuna wa kuvuka kwenda hospitali, bibi ndo alinipokea. Enzi hizo ukizaliwa hospitali walikupa tangazo la kizazi, wazazi walilipeleka kwa msajili wilayani, cheti kikatoka. Mimi tangazo ningelitoa wapi, hata kadi ya kliniki ilishaliwa na mchwa.

Nikaanza kukusanya, cheti cha ubatizo, leaving ya darasa la saba, barua ya mtendaji, mama akaenda kuapa mahakamani kwamba kanizaa yeye na tarehe ni ile. Kumbe shule ya msingi walishaniandika 1999! Pale wilayani karani akauliza tushike mwaka upi, na mama yangu ni mpole jamani, ofisini huwa haongei, siku hiyo alisimama. "Mwanangu, huyu nimemzaa maji yamefika mlangoni, muulize mtu yeyote wa kwetu El Nino ilikuwa mwaka gani." Karani akamwambia kaa mama, nimekuelewa, ubatizo umeandikwa kabla ya shule, tunaufuata huo.

Kilipotoka mama alikisoma kwa sauti palepale kwenye foleni, taratibu, mpaka akafika penye jina lake. Vyeti vyangu vyote vya shule vina jina langu, la baba na la babu. Mama aliyekaanga vitumbua alfajiri ili nisome hayumo hata kimoja, na hili linaniuma mpaka leo, ila kwenye cheti cha kuzaliwa yumo, jina lake lote, serikali imeandika.

Karani akatuuliza kama kuna wengine nyumbani hawajasajiliwa. Mama akamtaja mjukuu wake, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Mbeya, karani akasema kule tangu 2013 watoto chini ya miaka mitano wanasajiliwa bure, zahanati au ofisi ya kata, na cheti wanaandikiwa hapohapo. Hatujafika hata getini mama kaomba simu yangu, dada kupokea tu, salamu hakuna: "Kesho asubuhi mpeleke mtoto zahanati, na jina lako uwaandikishe lote, uhakikishe hawajakosea herufi."