Kumbukumbu ya mradi wangu: kuzisikiliza simfonia za Ruth Gipps, mwezi wa pili

Mwezi huu nimemaliza kusikiliza albamu ya kwanza ambayo kampuni ya Chandos iliitoa kwa kazi za okestra za Ruth Gipps, mtunzi Mwingereza aliyezaliwa Bexhill-on-Sea mwaka 1921 na kufariki mwaka 1999, akiacha simfonia tano, yaani kazi ndefu za okestra, ambazo wapenzi wengi wa muziki hawajawahi kuzisikia. Utaratibu wangu ni uleule: kila kazi naisikiliza mara tatu, na mara ya mwisho nakaa na daftari nikiandika kwa Kiswahili ninachokisikia.

Albamu hiyo ya mwaka 2018 ilipigwa na Okestra ya Taifa ya BBC ya Wales ikiongozwa na Rumon Gamba. Nilianza na "Knight in Armour", kazi fupi ambayo Henry Wood aliiongoza usiku wa mwisho wa Proms, tamasha la muziki la London, mwaka 1942, mtunzi akiwa na miaka 21 tu.

Simfonia ya Pili, ya mwaka 1945, ndiyo iliyonila wiki nzima. Inakwenda mfululizo kwa dakika 20 hivi bila kusimama, na ndani yake mna mwendo wa gwaride. Mara mbili za kwanza nilitumia vipokea sauti vya masikioni vya bei rahisi, nikaandika kwamba gwaride lile ni jepesi mno. Nilipoazima spika za kaka yangu, nilisikia jinsi besi na ngoma zinavyolibeba. Nikauchana ukurasa ule na kuandika upya.

Kinachonigusa zaidi ni namna anavyovipa nafasi vyombo vya kupuliza. Gipps mwenyewe alikuwa mpigaji wa oboi, chombo cha ukoo mmoja na zumari yetu. Mwaka 1945 Birmingham ilipoisikia Simfonia yake ya Kwanza, alikuwa ameketi ndani ya okestra akipiga oboi ya sauti nzito, na katika onyesho hilohilo akapiga piano katika konseto (kazi ya chombo kimoja kikiongoza pamoja na okestra) ya mtunzi Mrusi Glazunov. Mtu aliyekaa katikati ya wapigaji anajua mpulizaji anahitaji pumzi wapi, na katika melodia zake ndefu nalisikia hilo waziwazi.

Alishikilia melodia wakati ambapo BBC, tangu William Glock aliposhika idara ya muziki mwaka 1959, ilielekea kwenye mitindo mipya ambayo Gipps aliipinga hadharani. Naamini hilo, pamoja na kuwa mwanamke, lilimfungia milango mingi. Simfonia ya Nne, ya mwaka 1972, inatosha kuonyesha hasara iliyotokea: kwangu ndiyo kazi bora kuliko zote nilizozisikia hadi sasa, na nimeirudia mara tano badala ya tatu.

Jumamosi naanza albamu ya pili, iliyotoka mwaka 2022, yenye Simfonia ya Tatu na konseto ya oboi. Spika bado ninazo.