Farasi Aliyepasuka Ndani ya Stoo

Mzee wa zamu aliusikia mlio saa tisa usiku. Alisema ulikuwa mmoja tu, mkavu, kama kuni ikivunjwa gotini. Akazunguka karakana na tochi, akatikisa kufuli ya stoo, akaikuta imefungwa vilevile. Kisha akaandika daftarini: "9.05 mlio, hakuna mtu." Kulipokucha, mstari huohuo ndio uliomponza.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka 2009, katika karakana ya kioo nje kidogo ya Nairobi. Nilikuwa msaidizi wa fundi. Jumapili yake kulikuwa na mbio za farasi uwanja wa Ngong, na tajiri mmoja aliyedhamini mojawapo ya mbio hizo alikuwa ametuagiza zawadi ya mshindi: kichwa na shingo ya farasi, kioo kitupu, urefu sm 26, uzani karibu kilo mbili na nusu. Alitaka kitu kimoja zaidi. Kila mwenye farasi husajili rangi zake, zile anazovaa joki mgongoni ili mtu aliye jukwaani amtambue farasi kutoka mbali, na rangi za huyu zilikuwa nyeupe na mkanda mwekundu. Basi shingo ya farasi wetu ilibidi izungushwe mkanda mwekundu.

Wekundu ndio uliotutesa. Kioo chetu kilikuwa mabaki ya madirisha tuliyonunua kwa wakata vioo wa Industrial Area, tukayaosha, tukaondoa vipande vyenye gundi na vya kujitazamia, tukayayeyusha. Ukitaka bluu unatia kobalti kidogo sana. Feruzi unatia shaba, zambarau manganisi, kijani chuma. Rangi hizo hazikusumbui, kwa sababu kioo kinabaki kilekile, kimekolezwa tu. Nyekundu inataka dhahabu, au seleniamu pamoja na kadimiamu, au shaba iliyonyimwa hewa tanurini kwa ustadi ambao hatukuwa nao. Kwa hiyo tulitumia vijiti vya kioo chenye rangi vilivyotoka Ulaya.

Farasi alitengenezwa Jumanne. Fundi alichota kioo tanurini mara nne kwa fimbo ya chuma. Kila baada ya kuchota alikiviringisha juu ya bamba la chuma, kisha akakitia umbo kwa magazeti yaliyokunjwa na kuloweshwa, yale yanayofuka moshi kiganjani bila kuunguza mkono maadamu hayajakauka. Kioo hutoka tanurini kwenye nyuzi 1,100 na kitu, laini kama asali nzito, na farasi unamvuta kwa koleo: kwanza pua, halafu masikio mawili kwa kubana na kunyanyua, halafu manyoya ya shingoni, mkato mmoja baada ya mwingine. Mafundi wa Murano, ambako Venice ilihamishia matanuri yake mwaka 1291, hummaliza farasi mdogo kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Wetu alichukua dakika arobaini, maana alikuwa mkubwa na kila mara alirudishwa kwenye moto asije akapoa nje huku ndani bado ana moto. Mkanda uliwekwa mwisho, kijiti chekundu kilicholainishwa na kuzungushwa shingoni, unene wake karibu sentimita moja.

Saa kumi jioni aliingia tanuri la kupoozea. Ratiba yake niliibandika ukutani mwenyewe: muda wa saa 6 kwenye nyuzi 540, kisha kushuka nyuzi 7 kila saa hadi 480, nyuzi 12 kila saa hadi 420, halafu 40 kila saa hadi uweze kumshika kwa mkono. Ni karibu saa 30 kwa jumla, kwa sababu sehemu yake nene zaidi ilikuwa sm 4. Kioo kinene ukikipoza haraka, ngozi yake hugandamana mapema, tumbo likija kusinyaa baadaye linaivuta ngozi, na mvutano huo unabaki humo kama upinde uliokwisha kuvutwa. Hatukuwa na mashine ya kujiendesha. Swichi ya kupunguza umeme ilirudishwa nyuma kwa mkono, na usiku kazi hiyo ilikuwa ya mzee wa zamu. Kila saa alisoma kipimajoto na kuandika.

Alhamisi asubuhi farasi alitoka mzima, tukamlaza kwenye sanduku la mbao lenye matambara, rafu ya chini ya stoo. Funguo zilikuwa mbili, moja ya meneja, nyingine ya mzee.

Asubuhi ya Ijumaa tulimkuta vipande vitatu na chembechembe.

Meneja hakungoja. Wiki nzima kulikuwa na tetesi za ugomvi kati ya watu wa mazizi, na aliona kisa kimekamilika: kuna mtu amemhonga askari ili kumwaibisha tajiri mbele ya jukwaa. Ufunguo anao, mlio ameuandika mwenyewe, anataka ushahidi gani tena? Mzee aliambiwa avue koti la kazi aende nyumbani. Alilivua, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, na hakusema neno. Mpaka leo ninaliona lile koti.

Fundi alisema, "Bosi, usifagie. Mtu asiguse."

Alipiga magoti mbele ya sanduku na kutazama kwa muda mrefu kabla ya kuinua chochote. Kwanza alionyesha kwamba vipande vimelala mahali pake. Kichwa kilikuwa kimeinama sentimita chache tu kutoka shingoni, na matambara hayakuvurugika. Kitu kikianguka, chembe huruka mbali, na kona iliyotangulia chini husagika. Hapa hakuna kona iliyosagika.

Kisha akaokota kipande cha shingo akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Uso wa kioo kilichopasuka husomeka. Pale ufa unapoanzia pana eneo dogo laini linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiisha, uso unakuwa na ukungu, halafu inafuata mistari mikavu inayotawanyika kama miale. Ifuate miale kwa kurudi nyuma, itakupeleka chanzoni. Kingekuwa kimepigwa, chanzo kingekuwa nje, na penye pigo pangebaki kidonda cheupe kilichosagika. Miale ya farasi wetu ilirudi ndani, kwenye mpaka ambapo wekundu ulikutana na kioo cheupe. Nyundo haifiki pale.

Meneja akasema basi mzee alilala, hakumpoza farasi vizuri. Hapo ndipo daftari lilipomtetea mwenyewe. Kurasa mbili za kalamu ya bluu, saa kushoto, nyuzi kulia: 540, 540, 540, kisha 533, 526, 520, 512. Karibu na 520 aliandika pembeni kwa herufi ndogo, "nimechelewa dak. 10, nimesahihisha." Mtu anayebuni hesabu haandiki hivyo.

Bado ilibaki kuthibitisha. Fundi alifungua laptopu ya ofisini, akaweka ukurasa mweupe mtupu, akavaa miwani ya jua ya polaroidi na kulaza kichwa ubavu mpaka skrini ikawa nyeusi kwake. Mwanga wa skrini kama ile umekwisha kupangwa upande mmoja, na miwani ikipangwa kinyume chake huuzuia wote. Weka kati yao kioo kisicho na mvutano, giza linabaki. Kikiwa na mvutano, kinawaka. Alishika kipande chenye mkanda mbele ya skrini, kisha akanipa miwani. Kuuzunguka wekundu palikuwa na utepe wa mwanga mweupe, mkali, umefuata mpaka wa rangi mbili hatua kwa hatua. Sehemu nyingine zote za shingo zilikuwa giza.

Akawasha moto mdogo, tukafanya jaribio ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya yote. Unayeyusha donge la kioo chako na donge la kijiti, unayabandika ubavu kwa ubavu, unayavuta kwa koleo kuwa uzi mrefu kama mkono, mwembamba kama waya wa baiskeli. Vioo vikiwa vya aina moja, uzi unapoa ukiwa umenyooka. Wetu ulijipinda mbele ya macho yetu kama upinde, wekundu ukiwa upande wa ndani. Upande wa ndani ndio unaosinyaa zaidi. Vijiti vile vilitengenezwa kwa kioo laini cha karakana za Ulaya, ambacho husinyaa zaidi kuliko kioo cha dirisha. Kutoka nyuzi 500 hadi baridi ya chumba, tofauti yake ni karibu nusu milimita kwa mita. Kwa kila sm 6 za mkanda ni milimita 0.03, theluthi ya unene wa karatasi, na inatosha kabisa. Tulidanganyika kwa sababu miezi mingi tulikuwa tukipaka wekundu huo kwenye bilauri, tabaka jembamba lisilofika milimita moja, na zilidumu. Tabaka jembamba halina nguvu ya kuuvuta ukuta wa bilauri. Mkanda wa sentimita nzima unayo. Baridi ya usiku ule ilimalizia kazi iliyokuwa imeanza tangu Jumanne.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Fundi alimwambia meneja kwamba farasi wa pili ataingia tanurini saa tisa alasiri, kwamba hatakuwa na rangi, na kwamba yeye hatagusa fimbo mpaka mzee atumiwe mtu wa kumwita arudi kazini. Meneja alimtuma dereva. Mzee alirudi saa kumi na mbili jioni, akachukua koti lake kitini, akauliza kipimajoto kinasoma ngapi. Hakuna aliyemwomba radhi siku ile, na nilikuwa miongoni mwa waliokaa kimya.

Ndani ya tanuri, kando ya farasi wa pili, fundi alikuwa ameweka kipande kimoja cha yule wa kwanza. Mvutano wa kupoozwa vibaya huondoka ukikipasha kioo upya na kukipoza taratibu. Wa vioo visivyopatana hauondoki hata ukirudia mara kumi. Jumamosi saa tatu usiku tulifungua. Farasi alikuwa giza tupu mbele ya skrini, toka pua hadi chini. Kipande kilikuwa na utepe uleule wa mwanga.

Fundi alimpa mzee miwani aone mwenyewe. Mzee alivishika vyote viwili kwa zamu, akarudia, kisha akafungua daftari na kuandika saa.

Mkanda tuliuchora usiku uleule kwa kupuliza mchanga shingoni, mweupe juu ya kioo, na Jumapili asubuhi sanduku likaenda Ngong.