Usisubiri ng'ombe akohoe

Yaani nilipoteza mtamba mmoja mzuri sana kwa sababu nilikuwa nasubiri akohoe ndo nijue ana nimonia. Siku mbili namwona anabaki nyuma malishoni, wenzake wanakula yeye kasimama tu masikio yameanguka, nikasema labda kachoka, siku ya tatu ndo akaanza kuhema kwa mdomo, shingo kainyoosha mbele, miguu ya mbele kaitanua, na hapo hata tulivyomchoma sindano mapafu yalishaharibika, hakufika asubuhi. Bado inaniuma.

Sa hivi naangalia kundi alfajiri kabla jua halijapanda na kabla hawajatembea, manake mchana wa joto hata mzima anahema. Simama mbali kwanza, ukimsogelea mgonjwa anajikaza unadhani hana kitu. Tafuta asiyecheua, aliyejitenga, tumbo limebonyea upande wa kushoto, kamasi zimemganda puani kwa sababu hata kujilamba ameacha. Halafu hesabu mbavu zinavyopanda dakika nzima, ng'ombe mkubwa aliyetulia asubuhi ya baridi akipita 40 mi nampeleka kupimwa joto, na apelekwe polepole, usimkimbize. Kawaida ni kama 38 mpaka 39.3, ikigonga 40 hiyo ni homa, usibishane na themometa.

Mara nyingi nimonia inaanza baada ya shida fulani, ndama katoka kuachishwa ziwa, au wamesafirishwa, au wamenyeshewa usiku kucha, virusi vinadhoofisha njia ya hewa halafu bakteria kama Pasteurella ambao walikuwa wanaishi tu puani wanashuka kwenye mapafu. Hapo antibaiotiki mapema ndo inaokoa. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile inayokaa muda mrefu, ni ml 1 kwa kila kilo 10 za uzito wake, kwenye msuli wa shingo, usizidishe ml 10 sehemu moja, gawanya. Na uzito usikisie kwa macho jamani, zungusha tepu ya kupimia uzito kifuani, dozi pungufu ni kuwafundisha bakteria kuzoea dawa. Daktari wa mifugo anaweza kuongeza ya kushusha homa na maumivu, inasaidia sana mnyama arudi kula.

Lakini kama wadogo wengi wanakohoa pamoja, hasa ukiwaswaga, na joto liko sawa, fikiria minyoo ya mapafu, wanaiokota kwenye majani mabichi yenye kinyesi, hapo antibaiotiki haigusi kitu, ni dawa ya minyoo, ivermektini au levamisoli. Na ukiona wakubwa wanaugua mmoja baada ya mwingine, wanakonda na kugumia wakipumua, hiyo inaweza kuwa homa ya mapafu yenyewe, ile ya kuambukizana wanayoiita CBPP, usiuze wala usihamishe hata mmoja, ita daktari, na penisilini hapo haifanyi kazi kabisa.

Kitu kingine kinaniudhi, kumnywesha dawa kwa chupa ng'ombe anayehema huku kichwa kimeinuliwa juu, inaingia mapafuni unamuua mwenyewe.

Baada ya siku mbili pima tena, joto lisiposhuka rudi kwa daktari abadilishe dawa. Likishuka usimrudishe malisho ya mbali hata akianza kula vizuri, mapafu yanachelewa kupona, mi namwacha wiki mbili kivulini karibu na maji, na mwenzake mmoja ili asihangaike, na maziwa yake hayanywewi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe.