Jinsi nilivyotambua nyuzi zisizo na lebo
Kapu langu la kufumia lilijaa mabonge ya uzi yasiyo na lebo, na sweta ya mtoto haifumwi kwa kubahatisha: sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hurudi ikawa ndogo, akriliki, uzi wa plastiki wa kiwandani, haifanyi hivyo. Nilichotumia ni kiberiti. Nakata kipande kifupi, nakishika kwa kibano juu ya sinia la bati, nakiwasha. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, kisha huganda kuwa punje ngumu nyeusi. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Sasa kila aina ina mfuko wake. Sufu, niipendayo kuliko zote kwa joto lake, naifunga kabisa nondo wasiingie.