Siku niliyoinunua noti ya dhahabu ya California

Jumamosi moja tulienda na jamaa yangu wa Tanga kwenye maonyesho ya sarafu na noti za zamani pale San Francisco, yeye ananisindikiza tu ila mimi nilikuwa na langu, nimejinyima kitambo nipate noti ya dola 5 ya National Gold Bank.

Hizi noti ni za California hasa. Wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe serikali yao ilichapa dola za karatasi ambazo huendi nazo benki ukapewa dhahabu, zikashuka thamani, na watu wa California waliokuwa na migodi yao wakazigomea, wanataka sarafu tu. Sasa sarafu nzito bwana, biashara kubwa unailipaje kwa magunia? Ndo mwaka 1870 ikapita sheria ya kuruhusu benki maalum zitoe noti za kulipwa kwa sarafu za dhahabu. Huko California zilizotoa zilikuwa benki 9 tu, alafu kuanzia Januari 1879 dola zote za karatasi zikawa zinabadilishwa kwa dhahabu, kazi ya noti hizi ikaisha hapohapo.

Basi mzee muuzaji akanitolea moja ya First National Gold Bank ya San Francisco. Karatasi yake ni ya njano, waliitia rangi makusudi, na mgongoni wamechora sarafu za dhahabu zimelaliana, yaani hata asiyejua kusoma anaona atalipwa nini. Imekunjwa kunjwa mpaka katikati pametoboka mwanga unapita, pembe moja haipo, na jasho la vidole limeingia mpaka ndani. Pembeni yake mzee akaweka cheti cha dhahabu, yaani noti ya serikali ya kulipwa kwa dhahabu, cha dola 20 cha mwaka 1882, kina sura ya Rais Garfield, mgongo rangi ya chungwa, kisafi kabisa.

Jamaa akaninong'oneza, "Kaka, hela yote hiyo kwa likaratasi limechakaa hivi? Si uchukue hicho kisafi?"

Nikamwambia hapana, hizi noti karibu zote zimefika kwetu zimechoka hivohivo na ndo ninachozipendea, maana watu waliozigomea karatasi za serikali, noti hii waliikubali, wakaitia mfukoni, wakanunulia, ikazunguka mpaka ikatoboka. Imani ya watu juu ya pesa unaiona kwa macho, noti safi haikuonyeshi hilo hata iwe nzuri vipi.

Nikalipa. Kabla ya kufunga nikamwomba mzee aitoe kwenye plastiki niishike kidogo, akakubali, nikaishika kwa ncha za vidole, laini kama kanga iliyofuliwa miaka. Jamaa naye akaomba aishike, akaigeuza akaangalia zile sarafu muda mrefu, akaniuliza benki nyingine zilikuwa miji gani. Nikamtajia Sacramento, Stockton, Petaluma, Santa Barbara, San Jose na hapa Oakland ninapokaa. Ya Oakland ni adimu zaidi, na ndo ninayoitafuta sasa.