Tangulia tu, nitakukuta

Ni Alhamisi usiku, mtoto amelala, na bado nalisikia lile neno. "Nilisema." Neno moja tu. Nimelirudia nikiosha vyombo, nikiwa ndani ya matatu, nikibadilisha dripu za wagonjwa, na juzi nililitamka kwa sauti jikoni hadi mume wangu akauliza naongea na nani.

Jumapili nilikwenda msitu wa Karura, Nairobi, na Dada. Mnaonisoma tangu mwaka jana mnajua imetuchukua muda gani sisi wawili kutoka pamoja bila matanga wala kikao cha shamba. Mimi ndiye niliyemwomba. Tuliingia kwa lango la upande wa barabara ya Kiambu. Dada alikuwa amebeba maji kwa chupa ya plastiki, na chupa hizo zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zetu tangu Juni 2020, kwa hiyo aliyanywa palepale mafundo mawili matatu, akaiacha chupa. Tukabaki na chupa yangu ya chai, ile ya chuma. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi nimelikumbuka wiki nzima.

Tukashuka hadi kwenye maporomoko, mita 15 hivi za maji yaliyokuwa na rangi ya udongo kwa sababu ya mvua. Tukachungulia mapango ambamo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Dada aliuwekea mkono ukuta wa pango na kunyamaza kwa muda. Kisha tukaanza kupanda kuelekea kwenye ziwa la mayungiyungi, ambalo watu wote huliita Lily Lake, na hapo mwendo wake ukapungua. Penye njia panda, karibu na nguzo yenye nambari, akasimama.

"Goti linakusumbua?" nikamuuliza.

"Hapana. Kadogo, tangulia tu, nitakukuta ziwani."

Nikatangulia.

Niseme ukweli, nilifurahi. Nilitembea mwendo wangu, chini ya mihugu, miti ambayo Wakamba huchonga vinyago kwa mbao zake, na harufu ya majani yaliyolowa ilinifungua kifua kilichobanwa na zamu za usiku. Sikuwaza kitu chochote. Nilifika ziwani, mayungiyungi yalikuwa yamechanua, watoto wa watu walikuwa wanabishana kuhusu idadi ya bata, nikakaa, nikajimiminia chai. Nikangoja dakika 25. Dada akatokea kati ya miti akitembea polepole, simu mkononi.

"Hata hukugeuka," akasema.

"Si uliniambia nitangulie?"

"Nilisema."

Akakaa, akanywa chai, akaanza kuniambia bei ya kabichi huko Wangige. Hakununa. Ndiyo hayo tu yaliyotokea. Tangu hapo nimethibitishwa kuwa msimamizi wa wodi, mume wangu amepata ile kazi ya Naivasha, na mwenye nyumba ametuandikia barua ya kodi mpya, lakini kichwani mwangu kuna njia panda ile na nguzo yake.

Nilisema. Maana yake ni nini? Kwamba ndiyo, nilisema, huna kosa? Au kwamba nilisema tu, na wewe ulipaswa kujua? Kwa sababu yapo maneno ambayo hayasemwi ili yafuatwe. Mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu chakula, naye anakujibu asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Mama alikuwa anatugawia nyama yote na kusema kuleni, mimi sisikii njaa, na Dada ndiye pekee aliyekuwa anarudisha kipande kwenye sahani yake. Mimi nilikuwa nakula. Nilikuwa mdogo, ndiyo, lakini nilikuwa nakula.

Na neno lenyewe, kutangulia. Tangu mazishi sijalisikia bila kumkumbuka padri akisema Mama ametutangulia.

Lililoniuma zaidi lilinijia Jumanne, katikati ya zamu, saa tisa usiku. Dada ananizidi miaka 14. Mwaka 1999 alikuwa fundi wa cherehani mjini, na kila jioni matatu ya kurudi Kiambu ilipita katikati ya msitu huohuo. Amenisimulia jinsi abiria walivyofunga madirisha, jinsi watu walivyoogopa majambazi na maiti zilizotupwa vichakani. Mama alimwonya: gari likiharibika pale, shukeni wote pamoja, asiachwe mtu nyuma. Ndio mwaka ambao sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge majumba, na tarehe 8 Januari Wangari Maathai akaenda na wenzake kupanda mti, wakashambuliwa na kundi la walinzi, akapasuliwa kichwa. Mwezi wa Agosti Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Dada anaweza kukueleza alikuwa ameketi wapi aliposikia habari ile redioni. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilichojua ni kwamba Mama alilia.

Karura ninayoijua mimi ilikuja baadaye. Ni Karura ya uzio wa umeme, askari wa doria, nguzo zenye nambari, akina dada wanaokimbia peke yao alfajiri na simu zimefungwa mkononi. Nafurahia kila hatua ninayopiga mle, nami nawashukuru waliopigwa ili niipate. Lakini siku ile Dada alikuwa anatembea katika Karura ile nyingine, na mimi nikamwacha penye njia panda, tena nikaondoka na chai.

Nilipanga kumpigia simu niombe msamaha. Jana jioni, kabla sijapata maneno, akanitumia picha. Ni mgongo wangu. Mimi mdogo kabisa kwenye njia, miti imesimama pande zote mbili, chupa mkononi, sweta ya bluu. Chini yake akaandika: "Sweta ya Mama sasa inakutosha." Halafu ikaja sauti yake, dakika tatu nzima. Anasema nilipoondoka aliinua simu anipige picha, akaniita mara mbili nigeuke aipate sura yangu, mimi wapi. Kabla hajakata tamaa, mbega wakatokea juu yake, weusi kwa weupe, mmoja amebeba mtoto mweupe kama pamba. Hao ni uzao wa wale walioletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, ili mbega warudi Karura. Dada alikaa chini kwenye majani akawatazama, na goti, anasema, halikumkumbusha kwamba lipo. "Kadogo, yule mama mbega alinitazama machoni!" Anacheka. Tangu Mama aende sijamsikia akicheka hivyo, kile kicheko kinachoishia kwenye kikohozi. Nimeisikiliza mara sita. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikilia na kucheka, na jirani akapita bila kuuliza, Mungu ambariki.

Kwa hiyo "hata hukugeuka" lilikuwa la picha. "Nilisema" sijui lilikuwa la nini, na sitamuuliza. Tumekubaliana kurudi Jumapili ya mwisho wa mwezi, na chupa ya chai atabeba yeye.

Leo baada ya chakula nilimwonyesha mtoto ile picha. Akaishika simu, akaisogeza hadi ikakaribia kugusa pua. Nikamwambia airudishe nyuma kidogo, ataumiza macho. Akairudisha, akakunja uso, akaniambia hivyo haoni mtu yeyote, anaona kijani tu. Mwalimu wake alinieleza wiki iliyopita kwamba anapenda kunakili kutoka kwa daftari la mwenzake badala ya ubaoni, nami nikamgombeza kwa uvivu. Kesho nitaomba ruhusa ya asubuhi nimpeleke akapimwe.