Kwa nini damu ilirudi kichwani mwa Baba Mkubwa

Baba Mkubwa alipotobolewa fuvu mara ya pili ili kutoa damu iliyorudi, wiki tano baada ya mara ya kwanza, ndugu wengi hapa Katuba walikuwa na jibu tayari: daktari hakumaliza kazi. Mama Mkubwa alimlaumu mumewe, kwa kuwa alishika jembe kabla ya kuruhusiwa. Nimesoma na kuuliza sana tangu siku hiyo, na naona majibu yote mawili yalipita mbali na kiini.

Ugonjwa wenyewe huitwa hematoma sugu ya chini ya dura, yaani damu inayokusanyika polepole kati ya ubongo na dura, ule utando mgumu unaoufunika. Kwake ulianza kwa kugonga kichwa kwenye boriti ya banda la kuku, jambo ambalo yeye mwenyewe alilicheka. Wiki sita baadaye akawa anaburuta mguu wa kushoto na kuniita kwa jina la marehemu baba yangu. Mzee wa miaka 78 ubongo wake umekwisha kupungua, na vena ndogo zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye dura huwa zimevutika, hivyo hata pigo dogo laweza kuzichana.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba damu ile haikai tu kama maji ndani ya debe. Mwili huizungushia utando mpya, utando huo huota vishipa laini vinavyovuja, na damu iliyomo huzuiwa kuganda sawasawa. Daktari anapotoboa, hutoka majimaji meusi kama mafuta ya injini yaliyochakaa (Baba Mkubwa, fundi wa magari ya mgodi kwa miaka mingi, alikubali mara moja kwamba mfano huo unafaa), lakini utando wenyewe hubaki. Ubongo wa kijana hutanuka na kuijaza nafasi iliyoachwa. Ubongo uliosinyaa huiacha wazi, hewa hubaki humo, na vishipa vinaendelea kuvuja. Kwa sababu hiyo hatari ya kurudi huwa kubwa zaidi kwa mwenye ubongo uliosinyaa, kwa mwenye damu nyingi au ya pande zote mbili, na kwa yule ambaye picha ya skana inaonyesha tabaka za damu ya zamani na mpya pamoja. Baba Mkubwa alikuwa na tabaka hizo, na upasuaji wa kwanza ulikuwa umeacha hewa nyingi.

Kuna pia suala la mrija. Utafiti uliofanywa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2009 uliwalinganisha wagonjwa walioachiwa mrija wa kutoa mabaki kwa siku mbili na wasioachiwa: damu ilirudi kwa asilimia 9 hivi ya wale wa kwanza, na kwa asilimia 24 ya wale wa pili. Mara ya kwanza mzee wetu hakuwekewa mrija, kwa kuwa siku hiyo haukuwepo, nasi hatukujua kwamba ni kitu cha kuuliza.

Hatukuulizwa, wala hatukusema, kuhusu vidonge. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, huongeza hatari, na aspirini pia hutiliwa shaka. Yeye alikuwa akimeza aspirini kila asubuhi kwa ajili ya moyo, akiinunua mwenyewe dukani, na kwa akili zetu hiyo haikuwa dawa ya kutajwa mbele ya daktari.

Nilitamani kusikia kwamba kuna kidonge cha kuzuia haya yote. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ilijaribiwa Uingereza, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliopewa walirudishwa upasuaji mara chache zaidi, lakini baada ya miezi sita hali zao kwa jumla zilikuwa mbaya kuliko za wenzao. Siku hizi madaktari wa mahali pengine huziba ateri inayolisha ule utando kwa kupitisha mrija mwembamba sana ndani ya mshipa.

Mara ya pili aliwekewa mrija. Aspirini imesimamishwa, na daktari wa moyo na yule wa ubongo bado hawajakubaliana irudishwe lini. Mama Mkubwa amelifungia jembe chumbani.